Sungura Kumi na Wanne

Jamani, tuisheni sikuianzisha kwa kutafuta sifa. Tulichoka kupimwa. Kila baada ya miezi mitatu analetwa daktari mpya wa saikolojia hapa kituoni, tunapohifadhiwa wasichana tulioumizwa, na maswali ni yaleyale sitini: unalalaje, unakasirika mara ngapi, aliyekuumiza bado unamfikiria? Alama zikizidi ishirini, unabaki. Mimi nimebaki mara nne. Mama mdogo kaja kunichukua mara nne, na mara nne karudi peke yake na begi tupu alilolileta kwa nguo zangu.

Basi nikaokota karatasi za zamani kwenye pipa la ofisi, nikawakusanya wenzangu chumba cha kufulia.

"Mkisema hamkasiriki kabisa, mtaambiwa mnaficha. Mkisema mnakasirika, miezi mitatu. Andikeni mara mojamoja. Na mkiitwa, tabasamuni. Siyo meno yote, wewe!"

Wakanibatiza Mwalimu.

Kazi ilikuwa swali la ndoto, maana ndoto zetu hazisemeki. Nikawatungia moja: sungura mweupe anakula kabichi bustanini. Nilichosahau ni kuwaambia kila mtu abadilishe mnyama.

Jumatano tukafanya mtihani. Alhamisi asubuhi daktari akaniita. Dirishani nilimwona mama mdogo, keshakaa kwenye benchi, begi mapajani.

"Wasichana kumi na wanne," daktari akasema, "sungura kumi na wanne. Kumi na watatu weupe. Wote kabichi."

"Labda ni chakula cha jioni, Daktari."

"Mmoja kaandika, 'Rangi nimesahau, muulize Mwalimu.'"

Kimenuka. Nilimjua ni nani, na nilipanga kumshughulikia.

"Wewe umepata alama tatu," akaendelea. "Jana nilijipima mwenyewe, nikapata thelathini na moja. Kwa sheria za hapa, mimi ndiye wa kubaki." Hakucheka. "Niambie ndoto yako. Ya kweli."

Nikisema kweli, nabaki. Nikisema sungura, haamini. Hasira zikanipanda.

"Naota nimeegemea mlango kwa mgongo, kuna mtu anasukuma! Na nakasirika kila siku, siyo mara mojamoja! Haya, andika! Ongeza miezi yako mitatu!"

Nikalia, nikajichukia kwa kulia.

Akaningoja. Kisha akauliza, "Kwa mama yako mdogo, mlango wa chumba chako ukoje?"

"Una komeo kwa ndani. Aliniuliza nataka liwe wapi, nikamwambia chini kabisa, nilifikie nikiwa nimekaa sakafuni. Fundi alimcheka. Akalipigilia mwenyewe."

Daktari akaigeuza fomu mbele na nyuma, akitafuta pa kuandika komeo. Hapakuwepo.

"Alama zako tatu siziamini hata kidogo," akasema. "Hilo komeo naliamini." Akasaini. "Wenzako nawapima upya kesho. Waambie kila mtu atafute mnyama wake."

Nikatoka mbio. Mama mdogo aliponiona akainuka, akauliza, "Tena?"

Nikatikisa kichwa. Nikalichukua begi mikononi mwake, nikalifungua.