Msumari Hauchomolewi Njiani

Bakili hakuwa mtu wa kutulia. Kijiweni kwao Msimbazi, madereva wenzake wa bajaji walisema hata usingizini anapiga honi. Mchana ule bintiye Hajira, mtoto wa miaka sita, alijikwaa mbele ya fundi baiskeli akiwa na spoku, waya wa gurudumu, aliyoiokota. Ikamwingia shingoni, chini ya taya, na kubaki imesimama.

Bakili akamnyanyua. Mtoto alikuwa anapumua, macho yamemtoka, damu inachuruzika kidogo.

"Chomoa, baba," alisema Mama Theopista, muuza vitenge. "Mwiba hutokea ulipoingilia. Kahawa ya unga ya kuzibia damu ninayo hapa."

Vidole vya Bakili vilishaikamata spoku. Mkono ulimwasha kwa hamu ya kuvuta. Ndipo yakamjia matusi ya fundi pancha, kila yeye Bakili alipong'oa msumari njiani akafika na tairi limelala: nani kakutuma? Si huo huo uliotoboa ndio ulioziba?

Akaachia.

"Haitoki hapa. Nisamehe, mama, kahawa baki nayo. Nipe kitenge."

Alipomkabidhi mtoto kwa Mama Theopista ili aendeshe mwenyewe, Hajira alijipindua kumfuata baba, na spoku ikacheza. Bakili akamrudisha kifuani upesi. Mtoto akatulia. Basi funguo zikaenda kwa dereva mwenzake Allen, ambaye kijiwe kizima kilimwita Kobe. Asubuhi tu Bakili alimwambia anaendesha kama anasindikiza maiti.

"Nikimbize?" Allen aliuliza.

Moyo wa Bakili ulisema ndiyo. Akaitazama barabara na mashimo yake.

"Usirushe. Kila shimo lipigie hodi."

Akamkalisha Hajira wima, kiganja nyuma ya kichwa, kitenge kikizunguka spoku bila kuigandamiza. Mkokoteni wa viazi ukawakatia njia. Bakili alisaga meno.

"Hapo mimi ningepenya kushoto."

"Hapo wewe umekaa kiti cha abiria."

"Allen, ndugu yangu, nitakuuma."

"Uma, lakini usimtikise mtoto."

Hospitali, nesi aliitazama shingo, akapumua. "Mmeiacha. Vizuri. Sasa mwachie, baba." Vidole vya Bakili vilikataa, ilibidi nesi avikunjue kimoja kimoja. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, naye Bakili akabaki akipima korido kwa miguu hadi mlinzi akamwuliza kama kapoteza kitu.

Daktari alitoka jasho likimtiririka. "Ilikuwa imeegemea mshipa mkubwa. Ingechomolewa huko huko, tusingewahi. Tumeitoa, tumeshona. Anapumua mwenyewe."

Bakili aliushika mkono wa daktari kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Allen.

"Kamlete mke wangu Shadya. Hajajua kitu bado kuhusu mwanawe."

"Kwa mwendo gani?"

"Wako," alisema Bakili. Akakaa kwenye benchi, miguu ikicheza chini.