Kura ya Mwisho ya Wakili Pruitt

Siku hizo Kentucky mtu alipiga kura kwa mdomo. Unapanda ngazi za mahakama, unataja jina la umtakaye mbele ya umma, naye mgombea, aliyeketi pale pale kibarazani, anakuinamia kukushukuru. Na ilikuwa desturi ya waungwana kwamba mgombea hajitaji mwenyewe, kura yake humpa mpinzani. Ukijichagua, ulafi wako utasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Wakili Hezekiah Pruitt alikuwa ameshaanguka mara mbili katika kuwania ubunge. Mkewe, Lavinia, alikwisha kumwambia: akianguka tena, wanahamia kwa baba yake kufuga nguruwe. Pruitt aliwaogopa nguruwe, na baba mkwe zaidi.

Asubuhi mpinzani wake, Barnabas Strode, muuza tumbaku, alimpa Pruitt kura yake kwa madaha. Kufika jioni kura zikawa sawa kwa sawa, na aliyebaki kupiga kura ni Pruitt peke yake.

"Jitaje, Wakili!" akafoka mlevi mmoja, kikombe cha wiski mkononi. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Thubutu!" akadakia mwingine. "Mwenzio kakupa kura yake, nawe umnyonge nayo?"

Pruitt akainuka kitini. Moyoni alikwisha kuamua: atajitaja, liwalo na liwe. Ila wakili ni wakili, hawezi kutenda dhambi bila kuitetea kwanza. Akafungua vifungo vya koti, akaanza kueleza heshima ni kitu gani, ili aonyeshe kwamba haimkatazi mtu kujipenda.

Hapo ndipo ulimi, usio na mfupa, ulipomponza. Aliisifu heshima hata akina mama waliokaa kwenye magari ya farasi wakatoa vitambaa. Akaona wazee wanalia, naye akalia. Maskini, hakuwahi kusikilizwa vile maishani mwake! Kila neno lilimsukuma mbele, na njia ya kurudi haikuwepo.

"Kwa hiyo," akanguruma, machozi yakimtiririka, "mimi namchagua Barnabas Strode!"

Watu wakapagawa. Kofia zikarushwa, Pruitt akabebwa juu juu, Strode mwenyewe akamkumbatia kwa kwikwi. Walipomshusha kando ya gari la mkewe ndipo alipokumbuka kwamba ameshindwa.

Lavinia alikuwa ameshika hatamu, hakumtazama.

"Nimesemaje, mke wangu?" Pruitt akauliza kinyonge.

"Vizuri sana, mume wangu. Kesi umeshinda. Tatizo ni kwamba ulikuwa wakili wa Strode."

Akawageuza farasi kuelekea kwa baba yake.