Meza ya Benauda na Kitanda cha Mama

Shemeji yangu Benauda alistaafu kazi ya forodha pale bandarini Oran akiwa mzima wa afya, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Angekuwa na kisukari kama wenzake angekaa mkahawani akicheza dhumna na kuwasema mawaziri. Yeye akatangaza kwamba anaanza muziki.

Anaurudia muziki, alinisahihisha. Maana katika ujana wake aliwahi kupiga kinanda kwenye harusi moja huko Arzew, mpigaji mwenyewe alipoumwa tumbo, na tangu hapo amekuwa akisimulia jinsi dunia ilivyomnyima haki yake. Dada yangu Rahmuna ameisikia hadithi hiyo kwa muda wote wa ndoa yake. Kila ikisimuliwa wageni wa harusi huongezeka. Zamani walikuwa jamaa wa bwana harusi na majirani wachache. Siku hizi hata mkuu wa wilaya alikuwepo, na alipiga makofi.

Basi alinunua kinanda cha umeme kwa binamu yake aliyerudi kutoka Marseille, spika mbili nzito kama magunia ya semolina, kompyuta, na nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe. Vyote akavipanga juu ya meza ya chakula. Akapiga kwa wiki moja hivi, kisha akanyamaza. Tulipouliza wimbo uko wapi alisema kazi ya sanaa haitoki mahali pasipo na mpangilio. Mkono wake wa kushoto ulikosa pa kupumzika. Spika hazikuwa sawa na masikio. Alihitaji meza ya studio, ya mbao, iliyotengenezwa kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe.

Nilimwambia kwamba akina mama wanaoimba kwenye harusi za mtaa wa Mdina Jdida hukaa chini kwenye zulia, wakiwa na madufu tu, na watu hulia. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, wewe shona magauni yako."

Mimi nashona magauni ya maharusi, ni kweli, na nikamwacha na masikio yake.

Kilichotushangaza ni kwamba aliamua kuitengeneza meza hiyo mwenyewe. Baba yake, marehemu Si Miludi, yaani Bwana Miludi, alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Mdina Jdida. Benauda alikulia ndani ya vumbi la mbao na akalichukia kama mtu anavyochukia harufu ya umaskini. Alipovalishwa sare ya forodha aliacha hata kuupita mtaa ule, na mkahawani akiulizwa baba yake alikuwa nani alijibu, "Mfanyabiashara." Lakini vifaa vya mzee vilikuwa bado stoo, misumeno na randa na patasi, vimepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye matambara. Akavitoa. Nadhani alijishawishi kwamba kutengeneza meza ya mwanamuziki si useremala.

Mbao ndizo zilizokosekana. Mbao za dukani alizidharau, akisema zinaua sauti. Alitaka mbao za mti wa jozi, jozi la zamani lililokauka vizuri. Na jozi la zamani lilikuwamo humohumo nyumbani, kwenye chumba kidogo: kitanda cha mama yetu.

Mama alikuja nacho Oran akiwa bibi harusi kutoka Tlemcen. Ubao wake wa kichwani ulichongwa makomamanga, na matunda mengine yamepasuka kidogo hata unaona punje. Rahmuna na mimi tulizaliwa juu ya kitanda hicho, na mama alifia hapo akiwa ameshika ukingo wake. Kilikwenda kwa Rahmuna kwa sababu mimi nakaa ghorofa ya juu na ngazi zetu ni nyembamba. Hakuna aliyekilalia tena. Rahmuna alikifuta vumbi kila Alhamisi na kukitandika shuka safi.

Mwezi wa kuvuna zabibu tulikwenda Mostaganem, mimi na Rahmuna, kumhudumia mpwa wetu aliyejifungua. Benauda alisema hawezi kuja, ana kazi. Tuliporudi nilimsaidia dada kubeba mizigo hadi ndani, na kwenye mlango wa chumba kidogo akasimama. Chumba kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, na shuka limekunjwa juu yake kwa adabu kubwa.

Benauda alitoka sebuleni, nywele zimejaa unga wa mbao, anang'aa kwa furaha.

"Kilikuwa kinakaa bure," akasema. "Njooni muone sasa kilivyopata kazi."

Tukaenda kuona. Sebule ya dada yangu, yenye magodoro ya kukalia yaliyozunguka kuta tatu na mito niliyoidarizi kwa mkono wangu, ilikuwa imepoteza magodoro ya kuta mbili. Mahali pake palikaa meza yenye umbo la kwato ya farasi. Ilikuwa na trei ya kinanda inayovutwa na kurudishwa, rafu mbili za spika zilizoinama kidogo kumwelekea mkaaji, na matundu ya kupitishia nyaya yaliyosuguliwa hadi yakalainika. Na mbele, pale ambapo mgeni akiingia anatazama moja kwa moja, alikuwa amebandika makomamanga ya mama.

Rahmuna hupunguza maneno akikasirika. Nilimsubiri aseme lolote. Alipitisha kiganja juu ya komamanga moja, akamuuliza Benauda kama amekula, kisha akaenda jikoni. Mimi sikupunguza maneno. Nilimwambia Benauda kwamba mwizi wa kawaida angalau huiba kitanda cha mtu asiyemjua. Alinijibu kwamba mama yetu angefurahi kuwa sehemu ya sanaa. Mama yetu, ambaye alizima redio kila alipoona mpiga kinanda anachelewa kumaliza.

Kuanzia hapo Rahmuna aliwapokea wageni kwenye ukumbi mwembamba wa mlangoni. Akaweka godoro moja pale, na akina mama wakakaa wamebanana, sinia ya kahawa mapajani, miguu ikigongana. Walipouliza kuna nini sebuleni aliwajibu kwa utulivu kabisa, "Sebule iko kazini." Habari ikatembea mtaa mzima wa Gambetta. Wanawake ambao hawakuwa na sababu ya kuja walikuja ili wakae ukumbini.

Ndani, mwanamuziki alikuwa ametawala. Alijinunulia kiti cha ofisi chenye magurudumu. Akajipiga picha akiwa mezani, kidole kwenye kinanda, macho yamefumbwa, akaziweka kwenye mtandao. Watu wengi walimsifu. Walisifu meza. Waliuliza ni ya wapi, ni mti gani, nani amechonga. Alikuwa akitusomea maoni hayo wakati wa chakula, na kila aliposoma "meza nzuri" alisema, "Wanaelewa." Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya wimbo, na yeye hakuliona hilo. Labda aliliona.

Kisha meza ikaanza kuunguruma. Kila alipobonyeza sauti nene, kuna ubao ulitetemeka mahali fulani na kutoa mkoromo. Alipekua kila kiungo. Akajaza nyufa kwa pamba, kwa vipande vya zulia, na mwisho kwa soksi zake mwenyewe. Nilimwambia huyo ni mama anakoroma, amezoea kulala hapo. Rahmuna alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mostaganem, na Benauda akatoka kwenda mkahawani bila kumaliza supu yake.

Majira ya baridi yalipoisha alituita tusikilize wimbo. Ulikuwa mmoja. Umewahi kupiga simu ofisi ya serikali wakakuambia usubiri, wakakuwekea muziki? Basi ndio huo, ila pale ofisini mwishowe mtu hupokea.

Yeye aliona umefikia kiwango cha kuuzwa. Akamwalika Kada, kijana wa mtaa wa jirani anayewatengenezea waimbaji nyimbo za harusi, ambaye sauti ya kazi yake hutoka kwenye kila teksi Oran. Kada alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu yake nyeupe, akabusu kichwa cha Benauda kama inavyompasa kijana. Mimi nilikuwa ukumbini na dada, na mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Wimbo ukapigwa hadi mwisho. Kada alisikiliza kwa adabu, mikono magotini. Kisha akainama akachungulia chini ya meza. Akavuta trei, akairudisha. Akapapasa viungo, akagonga rafu, akakaa kwenye kile kiti na kunyoosha mikono pande zote mbili.

"Ami Benauda," akasema, "mgongo wangu umekufa kwa meza ninayotumia. Hii unaiuza?"

Sijawahi kumpenda Benauda, lakini niliuona uso wake. Alikuwa kama mtu aliyevaa vizuri kwenda kwenye harusi, akafika akapewa sinia agawe soda. Aliuliza kuhusu wimbo. Kada akasema wimbo si mbaya, na kila mtu pale alielewa. Benauda akaanza kupandisha sauti. Akasema yeye si fundi. Akasema hii ni studio, si karakana, na kwamba kama Kada anataka seremala, maseremala wamejaa Mdina Jdida.

"Baba yangu anasema baba yako ndiye aliyetengeneza milango ya nyumba yetu," Kada akamjibu polepole. "Mpaka leo inafunga bila kelele. Nilidhani unajua kwamba kila mtu anajua."

Miaka yote ile ya "mfanyabiashara", na mtaa mzima ulikuwa ukimwacha aseme tu.

Hapo Rahmuna akaingia na sinia ya kahawa. Aliiweka juu ya kinanda, kitu ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukifanya.

"Muuzie," akasema. "Lakini makomamanga ni yangu. Yatoke kwanza."

Benauda akamweleza kwamba haiwezekani, ameyabandika kwa gundi na ubao ni mkavu, utapasuka. Dada yangu akamtazama.

"Ulijua kuyaweka," akasema. "Utajua kuyatoa. Na yakipasuka, Benauda, mimi narudi kwa dada yangu, ngazi nyembamba hivyohivyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba nitapata mgeni. Nilikuwa tayari kumkaribisha.

Kada alitaka kuondoka kwa aibu lakini Rahmuna alimkalisha akamtilia kahawa, kwa hiyo tukawa watazamaji watatu. Benauda alivua koti. Alileta pasi na taulo lenye unyevu, akaliweka kwenye ukingo wa ubao na kupitisha pasi taratibu hadi mvuke ukatoka, kisha akaingiza kisu chembamba cha baba yake, si kwa nguvu, kwa kusubiri. Gundi ilipolainika kidogo alisogea mbele kidogo. Ikikataa alirudi kwenye pasi. Alikuwa ameuma ulimi kama mtoto anayeandika. Nilikuwa nimeketi pale nikiwa na sentensi nzima niliyoiandaa kwa ajili ya ubao ukipasuka, na sikupata nafasi ya kuitumia. Alasiri yote iliisha hivyo. Makomamanga yalitoka mazima, na nyuma yake hapakuwa na mkwaruzo.

Aliyabeba mwenyewe hadi chumba kidogo, akayaegemeza ukutani mahali pa kitanda. Akakaa huko peke yake kwa muda. Rahmuna alimfuata. Walichosemezana sikijui, nilijaribu kusikia lakini Kada alikuwa akinishukuru kwa kahawa ambayo sikuipika mimi. Walipotoka macho ya Benauda yalikuwa mekundu, na dada alikuwa na uso wake wa kawaida.

"Hakuniomba kitanda kwa sababu alijua nitakataa," aliniambia baadaye tukiosha vikombe. "Amekiri. Ni kitu kidogo, lakini sijawahi kukipata kwake."

Nilimwambia kidogo ndilo neno. Akanipa kikombe kingine nikifute.

Meza ilichukuliwa na vijana wanne wa Kada, na Benauda aliwafuata hadi barabarani akiwafokea wasiigonge. Alikuwa ameweka ubao mwingine mtupu mahali pa makomamanga. Magodoro ya sebuleni yalirudi ukutani. Kinanda kilirudi kwa binamu. Rahmuna alifanya karamu ya kuskusi kwa wote waliowahi kukaa ukumbini, na walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri.

Baada ya Kada akaja rafiki wa Kada, kisha mwalimu mmoja wa Sidi Bel Abbès anayerekodi masomo ya kupiga udi, kisha bibi mmoja anayesoma hadithi za watoto kwenye redio. Wote wanataka meza. Benauda amekodi gereji nyuma ya mnara wa maji, na siku nzima yumo humo akiwa na randa ya Si Miludi. Amekuwa mwembamba. Analala vizuri, dada anasema, na harusi ya Arzew haijatajwa tangu Ramadhani.

Msidhani amekuwa mtu. Ameandika mlangoni "Mshauri wa Studio", na anafunga gereji kwa ndani ili wa mkahawani wasimwone amevaa aproni. Juzi nilikwenda kumwomba anitengenezee kabati la vitambaa vyangu. Nilibisha hodi hadi vidole vikauma. Akafungua kidogo, unga wa mbao kwenye nyusi, akaniambia yeye hatengenezi makabati, anatengeneza mazingira ya sauti.

Nilimwambia vitambaa vyangu havina tatizo la sauti. Akanitazama, akashusha pumzi, akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio.

"Upana gani, shemeji?"