Kahawa ya Mgeni wa Miaka Miwili

Karugendo wa Kishanda alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Binti yake Dativa alikuja kutoka Bukoba na mwanawe Avit, wa miaka miwili, akitaka kumwacha kwa wazazi wake hadi apate msaidizi wa kuaminika pale mtaani kwake Miembeni. Ila Avit asipolala mchana, jioni anageuka nyuki.

"Kumlaza mtoto nayo ni kazi?" Karugendo alisema. "Nimewalea sita mimi."

"Uliwalea lini?" mkewe Restituta akamuuliza. "Ulikuwa unawakuta wamelala."

Dativa hakucheka. "Tata, mimi na mama tunakwenda kusali jumuiya. Nikirudi nikamkuta amelala, anabaki. Nikimkuta macho, kesho naondoka naye."

Karugendo alimtaka huyo mjukuu kuliko alivyotaka mvua. Tangu binti wa mwisho aolewe, nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la siku ya mfungo. Hilo hakulisema, alipunga mkono tu, kama anayefukuza kuku.

Akatandika mkeka, akamlaza Avit, akampigapiga mgongoni. Avit akainuka. Akambeba mgongoni kwa kitenge cha Restituta, akazunguka naye migombani. Kitenge kikalegea, mtoto akateremka mpaka kwenye makalio ya babu, akaning'inia kama mkungu uliokosa mti wa kuegemea. Akamtisha kwa fisi. Avit akataka apelekwe kumwona huyo fisi.

"Lala, mjukuu wangu."

"Sitaki."

"Fumba macho basi."

"Fumba wewe."

Juu ya stuli palikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa. Mgeni hapokelewi bila kahawa, na Avit si alikuwa mgeni? Karugendo akampa punje moja anyonye. Kimya! Avit akakunja uso, akanyonya, kisha akanyoosha kiganja.

"Ingine."

"Lala kwanza."

Avit akalala chali, akapewa. Akaambiwa afumbe macho, akafumba, akapewa tena. Karugendo akajisifu moyoni: wanawake wamehangaika vizazi na vizazi, kumbe dawa ilikuwa kikapuni. Kwamba yeye mwenyewe huitafuna kahawa hiyo msibani ili asisinzie, hilo halikumjia.

Punde macho ya Avit yakawa ya bundi. Akapanda kiti, akamkimbiza paka, akamvuta babu masharubu. Karugendo akaona ajilaze mkekani, amwonyeshe mfano.

Mfano ulifaulu sana.

Aliamshwa na kicheko. Restituta na Dativa walikuwa wamesimama mlangoni. Kitenge kilimfunika mpaka kidevuni, na Avit alikuwa ameketi kando yake akimpigapiga tumbo.

"Shh," Avit akawaambia. "Babu amelala."

Dativa akamnusa mwanawe mdomoni. "Tata! Umempa akamwani?"

"Alikuwa mgeni," Karugendo akajibu, na aliposikia upumbavu wa maneno hayo alitamani arudi usingizini. "Haya, mchukue. Nimeshindwa."

Dativa akamtazama baba yake, kisha kile kitenge. Kule Miembeni kila msaidizi aliyekuja, Avit alimlilia mpaka akaondoka. Huyu babu, Avit amemfunika kitenge.

"Anabaki," akasema. "Kinachoondoka ni hiki." Akachukua kikapu cha kahawa, akakitia mkobani.

Kesho yake mchana Restituta alimlaza Avit bila hata kupandisha sauti. Hapo hapo jirani yao Privatus akabisha hodi.

"Nyegera," Karugendo akamkaribisha kwa kunong'ona, akampa maji. Maji matupu!

Privatus aliyatazama kwa huruma, kama aliyeona nyumba imefilisika, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti atoe kahawa yake.

"Rudisha!" Karugendo akamvuta kumtoa nje. "Mtoto akiinusa tumekwisha. Unataka arudi Bukoba?"