Mbio Tisini Katika Daftari la Vipimo

Ilikuwa mwaka 2024, katika majira ya baridi, mwezi wa Julai, wakati nyasi za Johannesburg huwa zimekauka zikawa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na maji yaliyosahauliwa kwenye ndoo huamka na ngozi ya barafu. Mama Jeanne, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika karakana yake ya ghorofa ya pili huko Doornfontein, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kudaiwa na mtu hata senti moja. Alilisema jambo hilo mara nyingi, wala hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mwezi huo zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Akina mama kumi na wawili wa kanisa lao, ambao huuita upatu huo likelemba kama walivyouita nyumbani Kongo, walimkabidhi randi elfu kumi na nane. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi. Shule moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya kushona suti za michezo mia mbili, kwa sharti kwamba kabla ya mwezi kwisha awe na overloki ya kiwandani, ile mashine ya kufunga kingo za vitambaa. Mashine hiyo iliuzwa kwa elfu ishirini na mbili. Zilipungua elfu nne. Muuzaji alikuwa amemshauri alipe kwa mafungu, naye akamjibu kwamba vitu vya mkopo huvisikia vikipumua usiku. Hata hivyo alijua vyema kwamba bila mashine hakuna suti, na bila suti kodi ya karakana ingemshinda kabla mwaka haujaisha.

Aliyeleta tiba ya upungufu huo alikuwa Gaël, mtoto wa marehemu mdogo wake, mwanamume wa miaka ishirini na sita aliyelinda mlango wa jengo la fleti huko Joubert Park na kusomea uhasibu kwenye simu kila zamu ilipokuwa shwari.

"Mama mkubwa," alisema, "mimi sichezi kamari. Mimi ninapima."

"Wote husema hivyo."

"Wote huota namba. Mimi sioti. Katika kila mbio kuna farasi mmoja kipenzi, yule ambaye watu wengi kuliko wote wamemwekea fedha. Ninamwekea dau huyo huyo, kiasi kile kile, kila mbio. Siangalii rangi yake, siangalii jina lake, simwangalii hata anayempanda. Umati haujui yote, lakini kuna kitu unakijua."

"Na ukikosea?"

"Hukosea mara mbili katika tatu. Hiyo moja inayobaki ndiyo inayolipa."

Mama Jeanne alikuwa amefundishwa hesabu na masista waliopiga vidole kwa rula, na maneno matupu hayakuwahi kumtoa senti. Lakini kupima alikuheshimu. Akatoa masharti yake palepale, huku sindano zikiwa bado midomoni. Gaël angejaribu mbio tisini bila kuweka fedha yoyote. Kabla farasi hawajatoka, angemtumia ujumbe wenye namba ya kipenzi, naye angeiandika katika daftari lake la vipimo pamoja na saa. Ujumbe utakaochelewa hautahesabiwa. Kila mbio ingehesabiwa dau la randi kumi, na malipo yangesomwa kwenye karatasi ya matokeo.

Hivyo ndivyo, kwa muda wa siku kumi za mashindano, farasi walivyoingia katika daftari lile, wakabanwa baina ya viuno na mabega ya wateja. Siku moja ujumbe ulifika dakika moja baada ya mbio kuanza, na farasi huyo akashinda. Mama Jeanne akamkata kwa mstari mnyoofu.

"Lakini ameshinda!" Gaël alilalamika kwenye simu.

"Ameshinda, na wewe umechelewa. Lete mwingine."

Mbio ya tisini ilipokwisha, kipenzi alikuwa ameshinda mara thelathini na moja. Gaël alikuja na karatasi zake za matokeo, akaketi kwenye kigoda cha kupigia pasi, akafanya hesabu ndani ya daftari kwa mwandiko mzuri. Madau yote yalikuwa randi mia tisa. Kwa kila ushindi aliandika gawio, yaani malipo ya dau, lililotajwa kwenye karatasi, kisha akaongeza juu yake zile randi kumi za dau lililorudi. Jumla ikawa elfu moja mia moja na kumi na sita. Faida ikawa mia mbili na kumi na sita.

"Ishirini na nne kwa mia," alisema kwa utulivu wa mtu anayetaja jina lake. "Tukizungusha elfu kumi na nane zako kwa madau ya mia tano mia tano, mbio thelathini na sita, tunapata elfu nne mia tatu na ishirini. Mashine imepatikana, na chenji ya soda."

Mama Jeanne alijumlisha mara tatu, mara ya tatu akianzia chini kwenda juu. Jumla haikutikisika. Alikuwa amelishuhudia jaribio hilo kwa macho yake, ameliandika kwa mkono wake, na amelikagua kwa ujuzi wake. Jumamosi asubuhi alimkabidhi mwana wa mdogo wake bahasha, na Gaël akateremka ngazi akiruka mbilimbili kuelekea uwanja wa mbio wa Turffontein.

Ilipokaribia saa sita alifika Falonne, msusi wa Joubert Park, kujaribu gauni alilokuwa anashonewa kwa ajili ya harusi. Gauni lilikuwa bado na nyuzi za kushikizia. Alijigeuza mbele ya kioo, akaipenda mikono, akauchukia ukosi, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Mama Jeanne, mume wangu amekuonea wivu. Anasema gauni moja elfu moja, wewe utanunua ghorofa!"

"Elfu moja gani? Ufundi wangu ni mia nne."

"Nimemwambia. Anasema mia sita za kitambaa je?"

"Mwambie kitambaa ulikuja nacho mwenyewe. Mimi ninakurudishia tu kilicho chako, kikiwa kimeshonwa. Kitambaa cha mteja hakihesabiwi katika mapato ya fundi. Ningekuwa ninahesabu hivyo, ningekuwa tajiri kwenye daftari na..."

Hakumaliza. Falonne alimwona kwenye kioo akiwa amesimama wima, chaki mkononi.

"Nimekudunga?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Alilivuta daftari, akafungua ukurasa wa mbio ya kwanza aliyoshinda kipenzi. Gawio lilikuwa randi mbili na senti sitini kwa kila randi moja: kwa dau la kumi, ishirini na sita. Gaël alikuwa ameongeza kumi, ikawa thelathini na sita. Mama Jeanne akatwaa karatasi ya matokeo aliyoiacha Gaël, akavaa miwani, akashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo herufi huwa ndogo kama mbegu za ulezi. Palikuwa pameandikwa kwamba kila gawio limekwisha kujumuisha dau la mchezaji.

Randi kumi zilikuwa tayari zimo ndani ya zile ishirini na sita. Mara thelathini na moja walikuwa wamekihesabu kitambaa cha mteja kuwa ni pato. Aliondoa mia tatu na kumi, na faida ya mia mbili na kumi na sita ikageuka hasara ya tisini na nne. Kwa elfu kumi na nane, hiyo ni hasara ya elfu moja mia nane na themanini.

Alimpigia Gaël mara nne. Simu iliita ikachoka. Akaufungua mkoba wake na kukuta randi nane, kwa kuwa siku za kazi hakutembea na zaidi ya fedha ya mkate, kwa kuogopa vibaka. Akaufunga. Akaufungua tena, kana kwamba noti zingeweza kuwa zimeingia baina ya kufunga na kufungua.

"Falonne," alisema, na kila silabi ilimgharimu, "niazime randi hamsini za nauli."

"Hamsini tu? Chukua, tutakata kwenye ufundi wa gauni."

"Hatutakata popote. Sipokei malipo ya kazi ambayo haijaisha. Hili ni deni, na litalipwa kama deni. Nilindie karakana."

"Nikiwa ndani ya gauni lenye pini?"

"Usiketi, basi."

Uwanjani jua lilikuwa kali bila joto, na watu walijianika kwenye majukwaa wakiwa na makoti. Mama Jeanne hakuhitaji kumtafuta Gaël kwa macho, kwa maana sauti yake ilisikika tangu kwenye ngazi. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la malipo, nyuma yake foleni ya watu wanane, upande wa pili wa kioo mwanamke mwenye kofia ya sufu akimtazama kwa uvumilivu wa muuguzi.

"Nimeweka mia tano," Gaël alikuwa anasema. "Gawio ni moja nukta nane. Hizi mia tisa ni faida. Dau langu liko wapi?"

"Limo humo humo, kaka."

"Humo wapi? Hesabu ninaijua, dada!"

"Eish, baba, hata sisi tunataka kulipwa!" mzee mmoja alipiga kelele kutoka kwenye foleni. "Umeshinda na bado unalia? Ungeshindwa ingekuwaje?"

Mama Jeanne alimshika Gaël kiwiko kama anayeshika mkono wa gauni ili aupime, akamwondoa dirishani.

"Mama mkubwa! Mbio ya kwanza nimeshinda, lakini hawa wananiibia!"

"Hakuna anayekuibia. Keti. Hiyo mia tano unayoidai umeishika mkononi."

Alimweleza habari ya kitambaa na ufundi, mara moja tu, bila kupamba. Gaël alisikiliza huku kinywa kikiwa tayari kubisha. Kisha akachukua kalamu, akageuza karatasi ya matokeo, akaanza upya. Mama Jeanne hakumsaidia. Alitazama farasi wa mbio ya pili wakitembezwa, blanketi migongoni, mvuke ukiwatoka puani.

"Mia nane na sita," Gaël alisema hatimaye. "Katika mia tisa." Alikuna kidevu. "Kwenye mabango ya watoza dau, wale wa madukani nje ya uwanja, huandika kumi na sita kwa kumi. Pale ni faida peke yake, na kumi yako hurudi juu yake. Huko ndiko nilikojifunza. Halafu nikachukua karatasi ya hapa, ambayo haihesabu vile. Nimezichanganya desturi mbili."

"Na mimi nimekagua kujumlisha, sikukagua kilichojumlishwa. Makosa ni yetu sote."

"Lakini umati ulikuwa sahihi mara thelathini na moja, Mama mkubwa!"

"Ulikuwa sahihi. Ndiyo maana malipo yake ni madogo. Kila kitu umati unachokijua kimekwisha kupunguzwa katika gawio, na wenye uwanja wamekwisha kukata chao. Usilionee haya jaribio letu, lilikuwa zuri. Lilitupa jibu la kweli tangu juzi, sisi ndio tuliolisoma vibaya."

Kengele ya mbio ya pili ililia. Gaël alitazama ubao, na macho yake yakang'aa kidogo. "Namba nne ndiye kipenzi. Mara moja tu? Leo tuko juu."

Mama Jeanne alikunjua kiganja chake, akakiacha hewani. Gaël aliutazama mkono ule, akacheka kwa kushindwa, akaiweka bahasha juu yake, kisha akaongeza zile mia tisa. Mama Jeanne akahesabu: elfu kumi na nane na mia nne.

Palepale jukwaani alimpigia muuzaji wa mashine.

"Zile mia nne zilizozidi elfu kumi na nane zinatoka kwenye mdomo wa farasi," alimwambia Gaël akiwa anasubiri simu ipokelewe, "na hazitazaa nyingine." Kisha, kwa sauti ya karakana: "Bwana Ishaka? Jeanne wa Doornfontein. Yale mafungu uliyoyataja, bado yapo? Nitaleta elfu kumi na nane na mia nne Jumatatu. Elfu tatu na mia sita zilizobaki, nusu Agosti, nusu Septemba. Andika tarehe. Ndiyo, umenisikia vizuri. Cheka ukimaliza kuandika."

Namba nne alikuja wa tano. Gaël, aliyekuwa anajifanya hatazami, alivuta pumzi ndefu na kusema kwamba Jumamosi zote za Agosti atakaa karakanani kwenye pasi, kusaidia kulipa mafungu.

"Na za Septemba," Mama Jeanne alisema.

Njiani kurudi Gaël alitaka ile hamsini ya Falonne ilipwe kutoka kwenye ile mia nne. Mama Jeanne alikataa. Falonne hakuwa amemwazima farasi.

Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya kengele ya ibada ya kwanza, aligonga mlango wa fleti ya Falonne huko Joubert Park. Falonne alifungua akiwa amejifunga kitenge na kilemba cha kulalia, jicho moja bado limefumba.

"Mama Jeanne! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimeleta hamsini yako."

"Kwa hamsini umepanda ghorofa saba, na lifti imekufa?"

"Hesabu."

"Ni noti moja, Mama!"

"Ihesabu hata hivyo."

Falonne aliipokea noti kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha la korido, akasema, "Moja." Mama Jeanne akaitikia kwa kichwa, akavaa glavu zake, akaanza kuteremka ngazi.