Simu ya Pitchou

Djamila alitoka Kasongo kwenda Salamabila kuendesha mtandao wa wifi wa mjomba wake. Antene zilikuwa tatu: sokoni, karibu na kanisa, na kilimani juu ya mashimo ya dhahabu. Kwenye kompyuta aliona kila simu kwa jina la mwenyewe, pamoja na antene iliyoishika, na aliweza kuikata moja bila kugusa nyingine. Tangu mnara wa simu uchomwe moto, watu hawakuwa na njia nyingine ya kupashana habari.

Alasiri moja wakaingia watu wenye bunduki. Walimtafuta Pitchou, msemaji wa wachimbaji, aliyekataa kuwaachia shimo.

"Unaonaka simu zote," mkubwa wao alisema. "Ya Pitchou iko ku antene gani?"

Ilikuwa kilimani. Djamila akainama kama anayetafuta, akaifungia simu ile isipokelewe na antene yoyote. Jina likatoweka.

"Haiko," akasema, akawageuzia kompyuta.

Mkubwa akamwacha mmoja wao. "Ukae hapa. Ikionekana, uniite."

Yule mtu akavuta kiti, bunduki mapajani, macho kwenye kioo. Djamila hakuthubutu kugusa kitu. Moyoni alimshukuru Mungu: walau hawatamwona.

Kumbe Yvette, mke wa Pitchou, alikuwa amewaona wale watu sokoni. Akamwandikia mumewe: "Usirudi. Pita njia ya Wamaza." Akaandika tena na tena. Kilimani, Pitchou alidhani wifi imekufa kama kawaida. Jua lilipopoa akateremka, sepetu begani.

Risasi zilisikika upande wa kanisa. Mlinzi akainuka, akatoka.

Baada ya mazishi ya mumewe, Yvette alikuja.

"Djamila, juu ya nini mesaji yangu haikufika? Ya wengine ilifika."

Djamila angeweza kudanganya. Alimweleza yote.

"Ulitaka kumuficha," Yvette alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nilikuwa namuita." Akatoa simu yake. "Sasa uifungue."

Djamila akaifungua. Punde jina la Pitchou likajitokeza chini ya antene ya soko, na kwenye simu ya Yvette jumbe alizomtumia mumewe zikaanza kuonyesha kwamba zimefika, mmoja baada ya mwingine. Usirudi. Usirudi.

"Mwenye kumuua alibeba simu yake. Iko ku soko," Yvette alisema, akielekea mlangoni.

Djamila akamkumbatia kwa nguvu, akamzuia. "Dada, usiende. Watoto wako watabaki na nani?"

Yvette alipigana naye, kisha akaacha. Wakakaa chini wote wawili, na hapo ndipo alipolia.

Juma lile Djamila alipanda pikipiki akarudi Kasongo. Mjomba alipomuuliza nani ataangalia simu, alimkabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta.