Uso wa Mnunuzi

Haji Shauki alikuwa dalali wa ajabu mjini Kairo, maana alikula upande mmoja tu. Wenzake humpapasa mnunuzi kwa mkono huu na muuzaji kwa mkono ule, kisha huwaapia wote wawili kwa jina la Mungu. Yeye alikuwa wa mnunuzi peke yake, na madalali wote wa mtaa wa Shubra walimwona punguani. Lakini aliyetaka kununua nyumba bila kuchunwa ngozi alimtafuta yeye. Sharti lake la kwanza halikuwa fedha. Lilikuwa uso.

"Mwalimu," alimwambia Awatif siku walipopatana, "ukiingia kwenye nyumba ya watu, ingia kama umekwenda kumzika mtu usiyempenda. Ukitabasamu, umenimaliza. Tafuta ila. Ukipewa chai, usiimalize. Na ukinisikia nakohoa, ujue uso wako umeanza kusema."

"Na nyumba ikiwa nzuri?"

"Ikiwa nzuri ndiyo uitukane zaidi."

Awatif akacheka. Alikuwa mwalimu wa jiografia, amestaafu mapema ili amtunze baba yake, na katika maisha yake hakuwahi kutukana kitu alichokipenda. Akataka kumweleza dalali kwa nini aliitaka nyumba ile moja tu ya Shubra, ghorofa ya tatu, upande wa barabara. Haji Shauki akamzuia kwa kiganja.

"Sababu kaa nayo mwenyewe," alisema. "Mimi nami nina uso."

Sababu yenyewe ilikuwa mzee Mahrusi, baba yake. Wawili hao waliishi katika mji mpya kule jangwani, kwenye jengo lenye lifti na majani yanayomwagiliwa na mashine, mahali ambapo kutwa nzima husikii mtu akimwita mwenzake. Kila siku baada ya Alasiri mzee alivaa koti lake, akafunga tai, akasimama mlangoni.

"Awatif, twende nyumbani. Tumekaa sana kwa watu."

"Tuko nyumbani, baba."

"Acha mzaha. Mama yako anatungoja."

Mama yake alikuwa amefariki miaka mingi. Mwanzoni Awatif alimkumbusha, na mzee alifiwa upya kila alipokumbushwa, akalia kama siku ile ya kwanza. Basi akaacha. Akawa anamshika mkono na kumzungusha nje ya jengo mpaka achoke, na akichoka husahau alikuwa akienda wapi. Lakini Awatif alijua alikuwa akienda wapi. Nyumbani ni Shubra, katika nyumba waliyopanga mpaka yeye alipokuwa msichana mkubwa, ambamo mama yake alikuwa akishusha kikapu kwa kamba kutoka roshanini na kupandisha vitunguu na mikate ya moto. Na tusimsingizie mzee peke yake. Awatif naye aliitamani nyumba ile mpaka kifua kikamuuma. Aliposikia inauzwa, alisema moyoni: nitamrudisha, na jioni akivaa koti lake nitamwambia, tumefika.

Aliyewafungulia mlango Awatif na dalali wake alikuwa mwenye nyumba, Hajati Insaf, mjane mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa akihamia Tanta kwa mwanawe, kwa kuwa magoti yake yalikwisha kugombana na ngazi.

Ukumbi ulikuwa na giza kidogo. Mkono wa Awatif ukaenda wenyewe kwenye swichi ya taa, pale nyuma ya mlango ambapo mgeni hawezi kupafikiria. Haji Shauki akakohoa.

Wakapita chumba cha wazazi, wakapita jikoni, wakatoka roshanini. Msumari ulikuwa pale pale, ule ambao mama yake alifungia kamba ya kikapu. Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza limau kwa sauti ya kukata tamaa, vilevile kama zamani. Awatif alitamani akae sakafuni alie, kisha ainuke akaoshe vyombo. Haji Shauki akakohoa sana, hata Hajati akamletea maji.

"Jiko lina giza," Awatif akasema. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Na vigae hivi nani alivichagua? Vinaumiza macho. Roshani nayo nyembamba, mtu akikaa magoti yanagonga vyuma."

"Na kelele hizi," akaongeza Haji Shauki, kwa huzuni ya mtu aliyebobea katika kazi yake.

Hajati Insaf aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Vigae alivipanga marehemu mume wangu, kwa mkono wake," alisema bila hasira. Akaichukua sinia, na bilauri ya Awatif iliyobaki nusu. "Basi msijisumbue, wanangu. Macho yenu mazuri msiyatese."

Kwenye ngazi Haji Shauki alikuwa na furaha ya mvulana. "Umefanya kazi, mwalimu. Kesho atanipigia mwenyewe."

Hakupiga. Aliyepiga ni Haji Shauki, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mlinzi wa jengo kaniambia. Jana jioni wamekuja wachumba wawili. Yule binti kaiona roshani akapiga makofi, sijui kalelewa wapi. Hajati kawapunguzia bei kabla hawajaomba. Wamesoma Fatiha."

Awatif hakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Fatiha ikishasomwa juu ya mauzo, hata aje mwenye kukupa mara mbili, utamkaribisha chai tu. Alikwenda Shubra peke yake, bila dalali na bila uso wa kuazima, akamweleza Hajati Insaf yote: kikapu, msumari, koti la kila jioni.

Hajati alikuwa ameshika mdomo wake. "Na jana ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa hapa, Hajati. Niliambiwa nisionyeshe."

"Nimekaa miezi nangoja mtu aipende nyumba hii. Kila anayekuja anainunia kama nimemkosea. Yule binti alipopiga makofi nililia." Akaushusha mkono. "Fatiha imesomwa, mwanangu. Siwezi kuitema."

"Najua."

"Mlete baba yako kabla sijahama. Walau hilo."

Haji Shauki alipewa habari nzima kwenye simu. "Huyo alikuwa wa kuambiwa ukweli," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Nisamehe, mwalimu."

Siku ya kwenda, mzee Mahrusi alipanda ngazi polepole, mkono mmoja kwenye reli na mmoja kwa bintiye. Awatif hakumwambia kitu. Moyo wake ulikuwa ukimwambia kwamba akifika mlangoni atajua, na hata kama ni kwa saa moja, atakuwa amefika.

Mzee aliingia, akamsalimu Hajati Insaf kwa heshima kama mgeni yeyote. Akatazama dari, akapita jikoni, akatoka roshanini na kukaa. Uso wake haukubadilika hata chembe. Muuza limau alipita chini. Hajati akaleta chai, na mzee akanywa nusu, akaiweka.

"Jiko lina giza," alisema kwa sauti.

Awatif aliona aibu ikimpanda. Akageuka kumwomba Hajati radhi, lakini mzee akamvuta mkono, akamnong'oneza, na macho yake yalikuwa yakimeta kama ya kijana.

"Usicheke. Akijua tunaipenda, tumekwisha. Tununue hii. Mama yako ataipenda sana hii roshani."

Awatif alitazama mbele asije akaangua kilio. Hajati Insaf alikuwa amesimama karibu na mlango, na ule mnong'ono wa mzee ulikuwa wa kiziwi. Alikuwa amesikia kila neno. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Bei yangu ni ile ile, ustadhi," alisema. "Sipunguzi."

"Tutafikiri," mzee akajibu, akainuka, akaweka sawa tai yake. Kwenye ngazi alishuka akijichekea.

Wachumba walihamia baada ya mwezi. Kule mji mpya, mzee Mahrusi bado huvaa koti lake kila siku baada ya Alasiri, ila hasimami tena mlangoni. Hukaa karibu na simu.

"Dalali kapiga?" huuliza.

"Bado, baba. Wanavutana bei."

"Vizuri," husema mzee. "Usimwonyeshe kwamba tuna haraka."